Fundi kwa Mikono ya Wenziwe

"Yamekwisha?"

"Ashraf, hata salamu hakuna?"

"Assalamu alaykum. Yamekwisha?"

"Wa alaykumu salaam. Hayajakwisha."

Khairat alikuwa kaegemea ukuta wa chumbani kwao, Chake Chake, kaiinamia simu mpaka shingo inamuuma. Ndani ya simu, yule mwanamke wake wa kuchorwa alikuwa kasimama mbele ya kitanda cha mfumi, anafuma joho jekundu. Likimalizika huanza jingine. Likimalizika hilo, huanza jingine tena. Tangu asubuhi.

"Mpenzi, hebu kaza mkono. Oda ina muda wake. Muda ukipita, pointi zote zimekwenda na maji."

"Mie nimefua, nimepika, nimekaa kukufumia majoho. Kwani weye huna mikono?"

Ashraf akacheka, sauti yake inatoka humo humo simuni. Ana kicheko chake cha puani, cha mtu anayemwonesha mtoto mguu wa kulia na wa kushoto.

"Sikiliza nikupe elimu, Khairat. Kwenye Nchi ya Makaa, anayetengeneza joho anapata pointi kiduchu. Anayelipeleka kwa mwenye oda ndiye anayepata pointi za maana. Na gemu haliulizi nani kalishona. Linauliza nani kalileta."

"Basi nipeleke mie, nizipate hizo za maana."

"Weye levo za nini? Mimi ndiye kiongozi wa chama. Nikipanda mimi, umepanda weye. Kwani siye si kitu kimoja?"

Khairat akatabasamu peke yake, akaanza joho jingine. Ndivyo mapenzi yanavyomfanya mtu mwenye akili zake.

Maana huyo Ashraf, tuseme kweli, hakuwa mtu wa kumtoa jasho mwanamke. Alikuwa akiuza simu kwenye duka la mtu, shati limenyooshwa na mama yake, nywele zimekatwa kwa mkopo wa urafiki, mdomo umejaa maelezo. Kwenye hilo gemu kila ufundi una levo zake, uhunzi mbali, ushonaji mbali, upishi mbali, na kupanda ni kazi ya kuchosha kwa sababu unatengeneza kitu kile kile mpaka unakiota usingizini. Ashraf alikuwa kafika juu kwenye fani karibu zote. Vijana wa Kipemba waliomo kwenye chama chake walimwita Fundi Mkuu, na yeye aliitika. Mtu ambaye hajawahi kushona hata kishikizo cha shati lake, aliitika!

Wazee wake walikuwa wameshaleta posa kwa kina Khairat, posa ikakubaliwa, na ndoa ikawekwa Mfunguo Pili, mwezi wa pili baada ya Ramadhani. Tangu siku hiyo Bi Time, mama yake Khairat, akapiga marufuku watu hao wawili kuonana.

"Mtaonana siku yenu," alisema. "Mwanamke hazungushwi mjini kama karanga za kuonjwa."

Basi wakawa wanaonana ndani ya gemu. Na usiseme Ashraf hakuwa na lake la kupendeza, alikuwa nalo. Jioni moja Khairat alipokuwa akimshonea kofia ya ndoa, kofia ya vitobo ya kushona kwa mkono, Ashraf alimpigia simu na kumwambia, "Iweke simu karibu na kitambaa. Nataka kusikia sindano inavyopita." Akanyamaza kweli, akasikiliza. Halafu akamchekesha, na Khairat kwa kucheka akakosea ua moja, likatoka na majani machache kuliko wenzake. Angeweza kulifumua. Hakulifumua. Aliliacha pale ubavuni mwa kofia ili liwe siri yake yeye na mumewe. Kofia ikapelekwa, na Ashraf akasema ataivaa siku ya ndoa na siku hiyo tu.

Wiki ile ile Khairat alikwenda kununua uzi dukani kwa Bi Ruqaiyabai, yule Mhindi muuza nyuzi.

"Beti, mwanangu, uzi tena? Unashonea jeshi?" Bi Ruqaiyabai alimtania, miwani iko kwenye ncha ya pua.

"Nashona foronya sasa, Bi Ruqaiyabai. Kofia nimemaliza."

"Mume mwenyewe anajua thamani ya kofia, au atakwenda nayo kwenye mpira?"

Kabla Khairat hajajibu, aliingia mzee mmoja mnene, kanzu nyeupe, anahema kwa jua la nje. Alikuwa Mzee Jecha wa Micheweni, anayenunua mwani kwa akina mama na kuupeleka bandarini.

"Mzee Jecha! Wambaje? Leo umependeza, umeoa?"

"Nioe wapi, Bi Ruqaiyabai, na magoti haya? Kofia tu hii."

Akainamisha kichwa ili iangaliwe. Khairat naye akaangalia. Akaona ubavuni ua lililokosa majani.

Uzi ukamponyoka.

"Shikamoo, mzee," akasema, na yeye mwenyewe alishangaa sauti ilivyotoka sawasawa. "Kofia nzuri hiyo. Umeinunua wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Hii hainunuliki. Nimeletewa na kijana anayemtaka binti yangu. Kijana wa hapa hapa Chake."

"Mama yake ndiye mshonaji?"

"Mama yake! Kaishona mwenyewe, kwa mikono yake. Nilipomuuliza akaniambia, 'Mzee, mimi ni fundi, kushona ndiyo kazi yangu.' Nikamwambia Mardhiya, mwanangu, mwanamme mwenye subira ya kushona kofia hii atakuwa na subira na weye, maana weye mdomo wako unautambua."

Bi Ruqaiyabai akacheka sana. Khairat naye akacheka, kwa sababu angelikaa kimya angelilia.

"Anaitwa nani fundi huyo, mzee? Na mie nimpelekee kazi."

"Ashraf. Anauza simu. Walijuana na Mardhiya humo humo kwenye michezo yao ya simu. Muulize, atakushonea, ana moyo mzuri."

Ana moyo mzuri! Khairat alilipa uzi, akatoka, akatembea mpaka kwao bila kumwamkia mtu njiani.

Alikuwa hajavua hata baibui simu ilipolia.

"Habibti, umeshindaje?"

"Nimeshinda vyema. Ashraf, kofia yangu iko wapi?"

"Ipo kabatini, nimeizungushia karatasi laini. Naifungua kila siku nainusa. Kwa nini?"

"Basi tu. Nimeikumbuka."

"Sasa sikiliza, hiyo ndiyo sababu ya kukupigia. Nataka nyingine. Ifanane na ile, vitobo vile vile."

"Ya nani?"

"Ya rafiki yangu, kaiona kaipenda. Ijumaa nataka kumpelekea."

"Rafiki huyo kaionea wapi, na weye umeifungia kabatini?"

"Kwenye... kwenye picha."

"Haya. Nitaanza leo."

"Ndiyo maana nakupenda, Khairat. Mwanamke hodari hana maswali mengi."

Akakata. Wala hakusema ahsante. Kofia moja inamla mshonaji macho na mgongo, na huyu kaiagiza kama mtu anayeagiza chapati ya pili.

Khairat alikaa kitandani. Hasira ilikuwepo, lakini lililomkata zaidi ni lile la kusikiliza sindano. Alijiuliza kama mtu anaweza kusikiliza kwa upole namna ile huku anapiga hesabu kichwani ya kichwa cha kuivisha kofia. Akajijibu kwamba anaweza, na kumbe ndiye anayemfumia majoho.

Mzee Jecha alisema Mardhiya na Ashraf walijuana "humo humo kwenye michezo yao ya simu". Basi Khairat akaingia Nchi ya Makaa, akaliandika jina kwenye kisanduku cha kutafutia, na Mardhiya akatokea: mwanamke wa kuchorwa mwenye aproni, yuko kwenye jiko la soko la mjini, anakaanga samaki wasioisha.

Khairat akamsimamia pembeni, akamwandikia: "Assalamu alaykum. Samaki wote hao wa shughuli gani?"

"Wa alaykumu salaam. Wa oda. Wanakwenda kwa mtu wangu."

"Mtu wako hana mikono?"

"Weye yakuhusu nini? Nani weye?"

"Mshonaji wa mtu wako."

Sufuria la Mardhiya likasimama.

"Mshonaji gani? Ashraf anajishonea mwenyewe, levo yake kubwa."

"Majoho mekundu aliyokabidhi asubuhi nimefuma mie. Na kofia aliyovaa baba yako nimeshona mie. Angalia ubavuni, utaona ua moja lina majani machache. Nilikosea kwa kucheka naye kwenye simu."

Muda ukapita. Wachezaji wengine walipita baina yao, mmoja kavaa kichwa cha mbuzi, akawapungia mkono na kwenda zake.

"Nimekwenda kuiangalia," Mardhiya akaandika hatimaye. "Ni kweli. Sasa weye ni nani wake?"

"Mchumba wake. Ndoa yetu Mfunguo Pili. Posa imekuja na wazee, watu wameshaambiwa."

"Mwongo!"

"Kamuulize."

"Mie kaniambia wazee wake wanaumwa, ndiyo maana kaja peke yake kuzungumza na baba."

"Wazee wake wazima, wiki iliyopita walikuja kwetu wakala tambi, baba yake akaomba nyongeza."

Mardhiya akatuma vicheko, kisha akatuma nyuso za kulia, kisha akatuma matusi ambayo hayaandikiki hapa. Mzee Jecha hakukosea kuhusu mdomo wa bintiye. Na tusi lote lilikuwa la Ashraf, hata moja halikumgusa Khairat.

"Ngoja," Mardhiya akaandika. "Ushonaji ni weye. Upishi ni mie. Uhunzi nani?"

"Silima wa Kojani. Yule kaambiwa yeye ndiye rafiki wa kufa na kuzikana."

"Na usonara? Pete zote zile anazitoa wapi?"

Mardhiya ndiye aliyekwenda kutafuta. Akarudi mbio, mwanamke wake wa kuchorwa anapiga viatu kwenye mawe ya soko.

"Shadya, wa Wete! Nimemuuliza pete anampelekea nani, kanijibu, 'Mchumba wangu, tunaoana akipata kiwanja.' Dada yangu, huyu mtu ana mchumba kwa kila ufundi!"

Khairat aliyasoma maneno hayo mara mbili. Kisha akacheka mpaka Bi Time akasukuma mlango kutaka kujua kulikoni. Na kicheko kile kilipokwisha, mapenzi nayo yalikuwa yamekwisha, yakabaki madharau matupu, safi, yasiyo na machozi ndani yake.

Bi Time, lakini, hakucheka. Alisimuliwa yote, akajishika kiuno.

"Una hakika?"

"Mama, nimeiona kofia kichwani mwa mtu."

"Sasa unataka nini?"

"Simtaki."

"Humtaki! Khairat, nimeshaalika mitaa yote hii. Vyombo vya shughuli nimeshaazima. Unanitaka nipite mlango kwa mlango niseme mwanangu kaachika hata hajaolewa? Watasema una kasoro. Watakutafutia, na wasipoipata wataitunga."

"Watunge."

"Wanaume ndivyo walivyo, mwanangu. Baba yako pia, Mungu amrehemu, alikuwa na yake. Akioa anatulia."

"Huyu hatatulia, mama. Huyu anapanda levo."

Bi Time hakujua levo ni nini, lakini alijua mwanawe anapokaza taya.

"Ijumaa anakwenda kwa Mzee Jecha, basi na mie nitakwenda na weye huko Micheweni," akasema. "Lakini nakwenda kuyamaliza. Siendi kuvunja."

Ijumaa baada ya sala, Ashraf alipanda baraza ya Mzee Jecha, kanzu imepigwa pasi, marashi yanafika kabla yake. Bi Time na Khairat walikuwa ndani pamoja na Mardhiya, nyuma ya pazia la mlango; Mzee Jecha kaombwa na bintiye amtake mgeni ashone mbele yake, bila kuambiwa kwa nini. Mardhiya ana kwa ana alikuwa mfupi, mweupe wa meno, na kitu cha kwanza alichomwambia Khairat ni, "Kumbe mzuri! Mjinga huyu kakosa nini?"

Nje, Mzee Jecha alikuwa akimkaribisha mgeni.

"Karibu, fundi. Kofia ya ndugu yangu umekuja nayo?"

"Bado naishona, mzee. Kofia haitaki haraka. Nataka kila kitobo kitoke na roho yake."

Nyuma ya pazia Mardhiya alijiziba mdomo kwa kanga.

"Vizuri sana. Na mie nilitaka nikuone unavyoshona. Mardhiya! Lete kile kitambaa."

Mardhiya akatoka kichwa chini, mtoto mwenye adabu wa kuigiza, akaweka mkekani kitambaa cheupe kilichokwisha chorwa, sindano na uzi.

"Kitobo kimoja tu," akasema Mzee Jecha, akajinyoosha kwenye mto. "Nistareheshe macho."

"Hapa hapa, mzee?"

"Kwani sindano yataka kibali?"

Ashraf akaichukua sindano. Aliishika kama mtu anayemshika nge kwa mkia. Akaulamba uzi, akaukosa tundu, akaulamba tena, akaukosa tena.

"Jua hili linanipiga machoni," akasema.

"Sogea huku kivulini."

Akasogea. Uzi ukaingia kwa bahati. Akaichoma sindano kwenye kitambaa, ikatokea kwenye kidole. Tone la damu likaingia kwenye kitambaa cheupe.

"Astaghfirullah. Mzee, leo mkono mzito, nadhani ni kwa sababu ya safari."

"Kutoka Chake mpaka hapa ndiyo safari ya kutia mkono uzito? Ungelisafiri kwenda Hija ungelirudi bila mikono!"

Pazia likafunguka. Khairat akatoka, na Bi Time nyuma yake.

Ashraf alibadilika rangi. Aliangalia ngazi ya baraza, lakini Mardhiya alikuwa kaketi pale, kakunja miguu, wala hana nia ya kumpisha mtu.

"Khairat? Weye... umefikaje hapa?"

"Nimekuja kuona kofia yangu. Uliniambia iko kabatini. Hili kabati linatembea na lina ndevu."

Mzee Jecha akaivua kofia, akaiangalia, akamwangalia Khairat, akaangalia kidole kinachotoka damu. Hakuwa mtu wa kuelezwa mara mbili.

"Weye ndiye uliyeishona, mwanangu?"

"Ndiye mie, mzee."

"Na huyu ni nani wako?"

"Alikuwa mchumba wangu."

"Bado ni mchumba wako!" Ashraf akapata sauti. "Mzee, Bi Time, mimi sikufanya haramu. Nimezungumza wazi, kwa heshima. Dini imeniruhusu wanne!"

"Imekuruhusu wake wanne," Khairat akasema. "Imekuruhusu kofia moja kwa wote?"

"Na Shadya wa Wete ndiye wa tatu," Mardhiya akaongeza kutoka kwenye ngazi. "Bado nafasi moja, mwombe Silima, keshafua panga zako nyingi."

"Mardhiya, nyamaza," akasema baba yake, lakini kwa upole. Kisha akamgeukia Ashraf. "Umekaa juu ya mkeka wangu huu, umekula wali wangu, ukanitazama usoni ukasema umeishona. Nimekwenda na kofia hii sokoni, msikitini, nimewaambia watu. Kumbe nimevaa uwongo wako kichwani. Binti yangu huna."

Bi Time alikuwa akiizungusha pete yake kidoleni. Khairat alimtazama, akajua anafikiria vyombo, mitaa, wageni, midomo ya watu.

"Mzee Jecha," Bi Time akaanza, "mie sitetei uwongo. Lakini kijana kateleza, na sisi wakubwa kazi yetu kufunika. Huyu ana posa kwangu, na siku imeshatangazwa. Aombe radhi hapa mbele yetu, arudi Chake, aoe alipoposa, tuyafunike."

"Mama," Khairat akasema.

"Nyamaza, nazungumza."

Uso wa Ashraf ukang'aa. Mlango umefunguliwa, na aliyeufungua ni mama mkwe mwenyewe! Kilichobaki ni kuomba radhi. Neno moja tu, hata mtoto wa chuo cha Kurani analijua. Angelilisema pale, huenda Bi Time angelimbeba mpaka kwenye ndoa, na Khairat angelipigana vita vyake peke yake dhidi ya mtaa mzima.

Lakini mtu hufanya alichokizoea. Ashraf alikiona kitambaa mkekani, kitobo hakijakwisha, mzee kakasirika kwa sababu ya kitobo. Basi mzee apewe kitobo. Akakiokota kitambaa na sindano, akamnyooshea Khairat, huku anamkonyeza.

"Bi Time kasema maneno ya busara. Khairat, mpenzi, hebu kaa hapa unishonee kimoja, mara moja tu, mzee apoe moyo, kisha twende zetu."

Hata Mardhiya alikosa tusi.

Bi Time alikitazama kitambaa kile chenye damu, kinavyoning'inia mbele ya mwanawe. Akautazama ule mkono ulionyoosha. Akamtazama kijana mwenyewe, anayetabasamu, anayesubiri, wala hajui kafanya nini.

"Unampa mwanangu kazi," akasema taratibu. "Barazani kwa mwanamke mwingine. Kazi ya kukuombea radhi weye."

"Bi Time, kitobo kimoja tu..."

"Khairat, vaa viatu."

"Bi Time!"

"Posa yenu itarudi kwenu kesho, na kila kilichokuja nayo. Na mwambie mama yako kwamba mie sina mtoto wa kiume, lakini nikikuona weye namshukuru Mungu kwa alichoninyima."

Akateremka ngazi. Mardhiya akampisha haraka, kwa heshima zote.

"Na hii, mwanangu?" Mzee Jecha alimuuliza Khairat, kofia i mkononi.

"Ivae, mzee. Sasa nakupa mie, kwa hiari yangu."

Jioni ile Ashraf alipiga mpaka simu ikapata moto. Hakupokelewa. Akaandika: "Khairat umenidhalilisha mbele za watu. Pamoja na hayo nakusamehe. Tuzungumze."

Anamsamehe! Khairat akaisoma, akakaa kitako, akamjibu kwa lugha anayostahiki:

"Uliniweka kazini, ukaniita mchumba,
Nikachoka vidoleni, sifa wewe ukasomba,
Leo toka mlangoni, usinizunguke nyumba,
Mke haji mikononi, kwa maneno ya kupamba."

Shairi hilo halikukaa kwenye simu moja. Mardhiya aliliomba, Shadya akaliomba kwa Mardhiya, na Silima wa Kojani, alipoelezwa rafiki wa kufa na kuzikana amemfanyia nini, akalibandika kwenye ukurasa wa chama kizima. Wachezaji wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Fundi Mkuu akabaki anaandika: "Nani ana majoho? Nani ana pete? Oda zinapita muda." Hakuna aliyemjibu isipokuwa yule mwenye kichwa cha mbuzi, naye alimwandikia, "Meee."

Ikafika Mfunguo Pili, ikafika siku yenyewe. Watu wa mtaani walidhani Bi Time atajifungia ndani. Hawakumjua. Asubuhi masufuria yalikuwa mekoni, turubai limefungwa, na mchele umeoshwa.

"Bi Time, tumesikia ndoa hakuna," alisema jirani mmoja, katia kichwa ukumbini kwa woga.

"Ndoa hakuna. Shughuli ipo. Tunasoma maulidi ya shukurani, mwanangu kaepushwa. Ingia ule."

Wakaingia. Wakajaa mpaka uani. Waliokuja kwa umbea walishiba pilau, na umbea wakaukinai. Mardhiya alikuja kutoka Micheweni na Shadya kutoka Wete, wakakaa na Khairat kwenye mkeka mmoja kama ndugu wa mama mmoja. Mardhiya aliambiwa asaidie jikoni, akaunguza bizari, ikaonekana levo yake ya upishi haivuki kioo cha simu. Wakamcheka, akawatukana, wakamcheka zaidi.

Katikati ya kasida simu ya Khairat ikatetemeka. Namba aliijua.

"Soma kwa sauti," Shadya akamhimiza.

Khairat akasoma: "Nasikia leo mna shughuli. Mimi bado nakupenda. Sina mtu tena. Naomba nije hata niwe pembeni tu."

Wanawake wakageuka. Bi Time, upawa mkononi, akasimama mlangoni kusikiliza. Alimtazama mwanawe kwa hofu ndogo ambayo mama pekee ndiye anayeijua.

Khairat akaandika, na alipokuwa akiandika akasema kila neno ili mama yake alisikie:

"Njoo. Masufuria ni mengi na yameungua. Lakini uje na mikono yako, hapa hakuna wa kukuoshea."

Vigelegele vilipasuka mpaka msomaji wa kasida akapoteza mstari.

Ashraf hakuja. Masufuria waliyaosha wenyewe, watatu, uani, huku wanaimba.